Habari za Pampu ya Maji katika Njia ya Mlalo

Atokaye Tanga akafika Mombo, kisha akaupa mgongo uwanda wa mkonge na kuuelekea ukuta wa milima ya Usambara, huwa amesimama mahali palipoinuka juu ya bahari kwa takriban mita 400, na mbele yake imelala njia ya kilomita 33 hivi ambayo, kwa kuzunguka majabali na kupita kando ya maporomoko ya Soni, itampandisha hadi Lushoto, mita 1,400 juu ya bahari. Na ikiwa safari yake ni ya Mlalo, basi Lushoto si mwisho bali ni kituo tu, maana itamlazimu kuupanda tena msitu wa Magamba, na kwenda zaidi ya kilomita 30 nyingine za kona na mabonde, kabla ya kuuona mji huo umejibandika mlimani na nyumba zake za udongo zenye ghorofa na roshani za mbao. Habari za Mlalo zimekwisha kusimuliwa kwa upande wa wafalme, kwa upande wa misheni, na kwa upande wa mashamba. Mimi nimekusudia kuzisimulia kwa upande wa chombo ambacho hakijapata kutajwa katika tarikh yoyote, nacho ni pampu ya maji ya gari, kwa kuwa naitakidi kwamba katika njia hii hakuna kifaa kilichoamua zaidi ni nani atakayefika, na ni nani atakayelala Soni, kuliko hicho. (Breki huamua habari za kushuka, na hayo yanastahili makala yake.)

Zamani za Wakilindi, watawala wa Usambara, ambao makao yao makuu yalikuwa Vuga na ambao walikuwa na zumbe wao, yaani chifu, Mlalo, njia zote za mlimani zilikuwa za miguu, na kila mzigo ulipanda kichwani au begani mwa mtu. Vivyo hivyo walipanda Johanssen na Wohlrab, wamisionari wa Kilutheri walioanzisha misheni Mlalo mwaka 1891 na kuiita Hohenfriedeberg. Vitu vyao vilibebwa na wapagazi, na mpagazi, tofauti na gari, hunywa maji mwenyewe aonapo kijito. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe 1902 na Mombo 1905, ikaupunguza mwendo wa uwandani, wala haikuthubutu kuugusa mlima. Wajerumani walioufanya Lushoto kuwa mji wa utawala, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, waliendelea kutegemea miguu ya watu na ya wanyama; na wenzao wa kampuni ya Wilkins & Wiese, waliotaka kuiteremsha miti ya Shume, waliona heri kutandika njia ya kamba za chuma angani hadi Mkumbara penye reli, kuliko kushindana na miteremko kwa magurudumu. Mwenye akili akiyatazama hayo atakiri kwamba hawakukosea, kwani magari ya zama hizo yalikuwa bado hayajapata dawa ya mlima.

Gari la kwanza kulivuka bara la Afrika liliondoka katika koloni hilihili: Paul Graetz, aliyekuwa afisa wa jeshi la Kijerumani, alitoka nalo Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, na hakufika Swakopmund, katika ufuo wa Atlantiki, ila tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo ya miezi 20 na ushei iliwaonyesha watu kwamba gari laweza kupita Afrika, na papo hapo ikawaonyesha kwamba anayekwenda kwa miguu angaliweza kulitangulia. Vita vya 1914 ndivyo vilivyoyaleta magari kwa wingi. Majeshi ya Waingereza, ambayo mwezi wa Juni 1916 yaliitwaa Mombo na kisha Wilhelmstal, yalitumia katika vita vya Afrika ya Mashariki magari mepesi ya Ford aina ya T, na baada ya amani aina hiyo ikabaki kuwa gari la mfanyabiashara, la mkulima na la ofisi.

Sasa sharti msomaji anivumilie kidogo niingie chini ya boneti. Gari hilo la T, lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, lilikuwa na pampu ya maji katika magari 2,500 hivi ya mwanzo tu. Kisha pampu ikaondolewa, na kazi ya kuyazungusha maji ikaachiwa moto wenyewe. Kanuni yake ni nyepesi. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda hadi juu ya injini, huingia katika rejeta kwa mpira wa juu, hupoa kwa upepo wa feni, huwa mazito, hushuka, na kurudi tena chini ya injini, na hivyo mzunguko huenda bila beringi, bila sili, na bila chombo chochote cha kuharibika. Katika barabara iliyo sawa, asubuhi yenye ubaridi, huo ni ufundi wa kusifiwa. Lakini una sharti moja lisilokuwa na msamaha, nalo ni kwamba maji lazima yafikie kinywa cha ule mpira wa juu. Yakipungua chini ya hapo kwa vidole viwili mzunguko hukatika, na yaliyosalia huchemka yalipo, na kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyozidi kupungua, hata injini ikabaki inajichoma yenyewe.

Mlima nao una hila zake, na hila ya kwanza haionekani kwa macho. Maji ambayo pwani ya Tanga huchemka kwa nyuzi 100, Lushoto huchemka kwa nyuzi 95 hivi, kwa sababu kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyopungua uzito wake wa kuyakandamiza. Basi dereva aliyedhani kwamba baridi ya juu itamnusuru alikuwa amehesabu fungu moja na kuliacha la pili. Hila ya pili ni kwamba gari lipandalo hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, na kwa hiyo upepo wa kuipoza rejeta hupungua saa ileile ambayo moto unazidi. Magari ya T, fauka ya hayo, yalipata mafuta ya petroli kwa kutiririka tu kutoka katika tangi, na penye mwinamo mkali petroli ilikataa kufika katika injini, na kwa sababu hiyo wenye magari hayo popote duniani waliupanda mlima mkali kinyumenyume. Na gari lipandalo kinyumenyume, rejeta yake inatazama kule lilikotoka.

Ndipo debe la maji likawa kiungo cha gari, na utingo akawa mtumishi wa debe. Njia ya Mombo kwenda Lushoto, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, haina upungufu wa maji, maana inaongozana na mto uporomokao Soni na inakutana na vijito vingi, na ijapokuwa wahandisi wanajua sababu nyingi za kuipitisha barabara katika bonde la mto, dereva wa zamani alijua moja tu. Alisimama, akangoja, akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambara kizito huku uso ameugeuza pembeni, akamtuma utingo kijitoni. Ujuzi wa kungoja ulikuwa elimu kamili, kwani asiyengoja akamimina maji baridi ya mlimani katika chuma kilichoiva alikipasua kichwa cha silinda, na chuma cha kumiminwa kikipasuka hakina mganga wa njiani.

Pampu ilirejea. Ford aina ya A, iliyoshika nafasi ya T kuanzia mwisho wa mwaka 1927, ilikuwa na pampu ya maji iliyowekwa katika shafti moja na feni, ikizungushwa na mkanda. Na injini ya V8 iliyotolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 1932 ilikuwa na pampu mbili, kila safu ya silinda na pampu yake. Malori ya Bedford, ambayo yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1931 na ambayo jina lake lilienea katika Afrika ya Mashariki, yalikuja katika zama ambazo pampu ilikuwa imekwisha kuenea katika magari ya mizigo. Chombo chenyewe ni kidogo, chaweza kushikwa kwa mikono miwili: gamba la chuma, shafti inayopita katikati, beringi za kuishika shafti, puli ya kupokea mkanda upande wa nje, na upande wa ndani gurudumu lenye mapanga yanayoyatupa maji pembeni na kuyasukuma kwa nguvu ndani ya injini. Baina ya beringi na maji pana sili, na katika sili hiyo ndipo palipo siri, na mashaka, na historia yote ya ufundi wa pampu.

Katika pampu za zamani sili haikuwa kitu kigumu. Ilikuwa ni uzi mzito uliopakwa mafuta na madini meusi ya kulainisha, ukazungushwa kwenye shafti na kukazwa kwa nati kubwa ya shaba au chuma. Na uzi huo ulikuwa na tabia ya kulika, hivyo maji yakaanza kudondoka, na dawa ya kudondoka ilikuwa ni kuikaza nati robo ya mzunguko, si zaidi, maana aliyekaza kwa hasira aliichimba shafti, na shafti iliyochimbika iliula uzi mpya kwa siku chache. Dereva alitia grisi katika kikombe cha pampu kama alivyotia mafuta katika injini, kwa desturi na kwa wakati. Kwa hiyo utunzaji wa pampu ulikuwa wajibu wa kila wiki, na ubadilishaji wake ulikuwa nadra. Pampu moja yaweza kubadilishwa uzi mara nyingi, ikabadilishwa beringi, ikachongewa shafti mpya, na bado ikahesabiwa kuwa ni ileile.

Waliofundisha kazi hiyo katika upande huu wa nchi walikuwa aghalabu mafundi wa Kihindi, hasa Makalasinga, ambao baba zao walikuja na ujenzi wa reli na kazi za useremala na uhunzi, wakafungua gereji katika miji ya reli. Kadhalika karakana za mashamba ya mkonge ya uwandani, ambako malori, injini na mitambo ya kukamua mkonge ilitengenezwa chini ya paa moja. Kijana wa mlimani aliyeshuka kutafuta kazi ya kukata mkonge, akabahatika kuwekwa karakana kushika taa na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, alirudi kwao baada ya miaka akiwa na kitu ambacho shamba la baba yake lisingaliweza kumpa. Nasema kwa yakini kwamba mlima ulijifunza gari kutoka kwa mkonge, ijapokuwa vitabu vinavyosimulia mkonge husimulia bei zake tu.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ulioamuru watu kulima matuta ya kukinga mmomonyoko, nao watu wakauchukia kwa sababu ya uzito wa kazi na uhaba wa ardhi, mpaka ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Si habari ya makala haya kuuhukumu mpango huo. Ninautaja kwa kuwa bonde la Mlalo, ambalo maji yake huenda katika Mto Umba hadi Bahari ya Hindi, lilikuwa limejaa watu na mazao, na mazao ya mlimani yalianza kuwa ya namna isiyokubali kungoja. Mahindi na maharage husubiri lori lililoharibika. Kabichi, nyanya na matunda damu hayasubiri. Tangu biashara ya mboga ilipokita mizizi, soko likiwa Tanga na Dar es Salaam, pampu iliyovunjika njiani haikuwa tena taksiri ya dereva peke yake, bali hasara ya mama aliyelima, ya mchuuzi aliyekopa, na ya mpakiaji anayelipwa gari likifika. Hapo ndipo fundi wa pampu alipopata heshima ambayo hapo kwanza ilikuwa ya fundi wa injini.

Heshima hiyo ilifika kilele chake katika miaka ambayo hakuna aliyeitamani. Baada ya vita na Idi Amin vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipopungua katika hazina na maduka yakabaki na rafu tupu, spea ya gari ikawa kitu cha kutafutwa kwa barua na kwa jamaa walioko Nairobi au Mombasa. Na katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 hata mwenye duka aliyekuwa na kifaa halali alikiogopa. Lori la Mlalo likivunja pampu wakati huo, fundi hakuuliza pampu mpya iko wapi. Aliifungua ile ya zamani, akaigonga shafti ikatoka, akaipeleka kwa mwenye mashine ya kereza iongezwe chuma kwa kulehemu na kuchongwa upya, akatafuta beringi yenye kipimo kimoja kutoka katika mashine ya namna nyingine kabisa, na gaski akaikata mwenyewe kwa karatasi ngumu, akiilaza juu ya uso wa pampu na kuigongagonga kingoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo lote na matundu yote ya bolti yakajichora na kukatika. Ilishangaza, na ilifanya kazi. Lakini simkubalii anayezisifu zama hizo kana kwamba shida ni chuo: pampu iliyofufuliwa mara nyingi haikuwa na mizani, shafti yake ilicheza kidogo, sili ililika upesi, na lori likarudi gerejini kabla mwezi haujaandama mara mbili. Fundi alikuwa hodari, na kazi yake ilikuwa duni, na yote mawili ni kweli. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, hakuna fundi niliyesikia akiulilia ule uhaba.

Desturi moja ya miaka ile imebaki hata leo, nayo ni kuitoa thamostati na kuitupa. Thamostati ni mlango unaoyazuia maji yasiende katika rejeta mpaka injini imepata joto lake. Ikiharibika imefungwa, gari huchemka, na kwa kuwa mpya haikupatikana, ilikuwa busara kuiondoa. Mgonjwa huyo alipona, na dawa ikaendelea kupewa wazima. Injini isiyo na thamostati, inapopita Magamba alfajiri katika ukungu, huenda kitambo kirefu bila kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kulika zaidi, na dereva hujisifu kwamba sindano yake haipandi.

Magari ya siku hizi yanayopanda mlima, yaliyo mengi yakiwa ya Kijapani yaliyokwisha kutumika kwao, yameugeuza ufundi wa pampu juu chini. Beringi zake zimefungwa, hazipokei grisi. Sili yake ni ya kaboni na kauri, haikazwi. Na pampu ikiharibika haifunguliwi, bali hutolewa nzima na kuwekwa nyingine. Kazi ya mikono imepungua, ila kazi ya kuchagua imezidi, kwa sababu pampu ya bandia na pampu halisi hufanana dukani kama mapacha, na tofauti yao hudhihirika katika kona za Soni. Fundi mzuri huigeuza puli kwa kidole kabla ya kulipa, akasikiliza, akaitikisa, akatazama kama mapanga ni ya chuma kilichomiminwa vizuri au ni bati lililokunjwa kwa haraka. Yako magari, kama Toyota Noah yenye injini ya 3S, ambayo imebeba abiria wengi wa milimani, ambayo pampu yake huzungushwa na mkanda uleule wa taimingi ulio ndani ya kifuniko; na katika gari la namna hiyo mwenye hekima, akibadilisha mkanda, hubadilisha na pampu, kwa kuwa gharama kubwa iko katika kufungua, na pampu ikikwama ndani hukata mkanda.

Kazi yenyewe, katika gari ambalo pampu yake iko nje, si ya miujiza. Injini huachwa ipoe kabisa, maji humwagwa, mkanda hulegezwa, feni na puli huvuliwa, kisha bolti za pampu, ambazo aghalabu hazina urefu mmoja, hutolewa na kupangwa kwa namna zilivyokaa, maana bolti ndefu katika tundu fupi hupasua gamba. Uso wa injini hukwanguliwa mpaka gaski ya zamani iishe yote bila kukichimba chuma. Gaski mpya huwekwa. Bolti hukazwa kidogo kidogo, ya upande huu kisha ya upande wa pili. Mkanda haukazwi ukawa kama uzi wa zeze, kwani mkanda uliokazwa mno ndio unaoua beringi, wala haulegezwi ukateleza. Linalobaki ni hewa, na hapa Mlalo ina faida ambayo miji ya pwani haina: gari hugeuzwa likatazama mlimani, rejeta ikawa mahali pa juu kuliko injini, hita ikafunguliwa, maji yakamiminwa polepole huku injini inakwenda, na hewa iliyojificha hupanda yenyewe na kutoka. Hewa iliyoachwa ndani hulifanya gari lenye pampu mpya lichemke kama la zamani, na fundi asiyejua hilo huilaani pampu isiyo na hatia.

Neno jingine ni la maji. Vijito vya Usambara hutoka katika mawe ya kale, maji yake ni laini na hayana chumvi nyingi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba yanatosha. Kwa kunywa yanatosha. Katika injini maji matupu, hata yawe matamu namna gani, huleta kutu, na chembe za kutu husugua sili ya pampu mchana na usiku. Maji ya rangi yauzwayo kwa magari yametiwa dawa ya kuzuia kutu, na mfuniko wa rejeta ulio mzima, kwa kuyakandamiza, huongeza nyuzi 20 hivi juu ya kiwango cha kuchemka, jambo ambalo lingaliwashangaza wale wa debe. Mfuniko huo ni wa bei ndogo, na ndio unaosahauliwa kuliko vyote.

Basi wewe unayetaka kulipeleka gari lako Mlalo, lisimamishe Mombo kabla ya kuanza kupanda, na injini ikiwa imezimwa na feni haizunguki, inama utazame chini ya shingo ya pampu, penye kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili maji yakipita sili yatokee hapo yaonekane. Ukiona unyevu, au alama ya chumvi nyeupe au ya kijani, au ukiishika feni ikacheza mbele na nyuma, usipande. Mombo kuna mafundi na kuna kivuli. Ukiona pakavu, panda kwa gia ndogo, kwa kuwa pampu huzunguka kwa kasi ya injini wala si kwa kasi ya magurudumu, na dereva anayeilazimisha gia kubwa mlimani huipunguzia injini maji wakati inapoyahitaji zaidi. Na ukifika juu ya Magamba na kuuona mteremko, usiizime injini ukajiachia ili kuokoa mafuta: breki utakuwa umezinyima msaada, na pampu itakuwa imesimama saa ambayo chuma bado kina moto wote wa mlima.